Muziki wa kujiendesha: maswali mnayoniulizanga kuhusu programu, vichipu na waya

Niko Kisumu, na hii kazi ya kutengeneza visanduku vinavyojipigia muziki naifanyia nyumbani, Manyatta, jioni baada ya shughuli zingine. Maswali ni yale yale kila wiki, kwa simu, dukani, hata nje ya kanisa, so nimeyaweka pamoja. Mengine nimejibu kwa kirefu kwa sababu ndiyo yanasumbua watu, mengine mstari mmoja unatosha.

Hii kitu ni nini haswa? Si ni kompyuta tu inapiga nyimbo?

Zii. Wimbo wa kawaida umeshaamuliwa kutoka mwanzo hadi mwisho, ukibonyeza unapata ule ule. Hapa wewe unaandika masharti, mashine ndiyo inapiga ikifuata hayo masharti, na kila ukiwasha inatoka tofauti kidogo. Mwanamuziki Mwingereza Brian Eno ndiye alieneza jina la muziki wa aina hii, generative music, miaka ya 1990, lakini wazo ni la zamani sana, huko Ulaya karne ya 18 watu walikuwa wanarusha dadu kuchagua vipande gani vya wolzi (muziki wa dansi wa huko) vipigwe. Eno mwenyewe mwaka 1978 alitoa albamu ya muziki wa kupigwa viwanja vya ndege, na moja ya vipande vyake ni sauti za watu kwa kanda za urefu tofauti zinazozunguka kila moja kivyake.

Ujanja huo unaweza kuujaribu leo. Chukua mizunguko mitatu, mmoja wa mapigo 7, mwingine 11, mwingine 13. Zianzishe pamoja. Hazitakutana tena mpaka pigo la 1,001, na ukipiga kwa mwendo wa mapigo 120 kwa dakika hiyo ni dakika 8 na sekunde 20 hivi bila kurudia kitu, na hujatumia bahati nasibu hata kidogo, ni hesabu ya darasa la sita.

Niko na simu tu na bando kidogo. Naanzia wapi?

Strudel, programu ya kuandika muziki. Inafunguka kwa brauza, bure, hakuna kuinstoli. Andika hii:

s("bd(3,8), hh(5,8)")

Bonyeza kucheza. Hiyo ni ngoma nzito mara 3 ndani ya hatua 8 na kichuma mara 5 ndani ya hatua 8. Badilisha namba, sikiza, badilisha tena. Mara ya kwanza itavuta sauti kwa intaneti kwa hivyo usishangae bando ikipungua kidogo. Kuandikia kwa kioo cha simu kunachosha vidole, sikatai, lakini nimeona vijana wakitoa vitu vizuri kwa simu iliyopasuka kioo wakati mwenye laptopu bado anatafuta programu gani ndiyo bora.

Na nikiwa na laptopu?

Sonic Pi kama unaanza, aliitengeneza Sam Aaron ili watoto wa shule wajifunze programu kwa muziki. Pure Data kama hupendi kuandika na unataka kuunganisha viboksi kwa mistari. VCV Rack kama unataka kuona modula (vipande vya sinthesaiza vinavyounganishwa kwa waya) na waya zake kwenye skrini, nayo iko na toleo la bure, ila laptopu dhaifu italia feni kama posho mill.

Arduino, ESP32 au Pico, gani ninunue?

Zote ni bodi ndogo za kuprogramu, kwa hivyo inategemea sauti unayotaka. Arduino Uno ile ya kawaida ni megahertzi 16 na kumbukumbu ya kilobaiti 2 pekee. Fikiria: ukiweka sauti iliyorekodiwa kwa sampuli (vipimo vya sauti) 16,384 kwa sekunde, biti nane yaani baiti moja kila sampuli, hizo kilobaiti 2 zinajaa kwa thumuni ya sekunde. Hata ukitumia ile sehemu ya programu, kilobaiti 32, unapata sekunde mbili na programu yenyewe haina pa kukaa. Kwa hivyo Uno ni ya sauti zinazohesabiwa papo hapo, na kwa hilo laibrari ya Mozzi inafanya maajabu, sauti inatokea pini ya 9.

Mimi nikiambiwa nichague moja nasema ESP32 ile ya zamani. Kasi hadi megahertzi 240, na pini za 25 na 26 zinatoa volti halisi ya kupanda na kushuka, ngazi 256. Uangalie hapo dukani, kwa sababu ESP32 za S3 na C3 ni mpya na zinang'aa lakini hizo pini mbili za sauti hazina, utalazimika kuongeza kichipu kingine. Pico ni nzuri pia, kilobaiti 264 za kumbukumbu, bei nafuu, lakini nayo haina pini ya volti halisi.

Sasa chipu inayojua kuwasha na kuzima tu inatoa aje sauti laini?

Inawasha na kuzima pini haraka sana, makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde, na kinachobadilika ni muda gani imekaa imewaka. Ikiwaka nusu ya muda ni kama nusu ya volti. Hapo mbele unaweka rezista ya kilo-om 1 na kapasita ya nanofaradi 33 kwenda graundi, hizo mbili zinaanza kukata kwenye hertzi kama 4,800 kwenda juu, ile filimbi ya kuwasha na kuzima inapungua, inabaki muziki. Ukiisikia bado ina makali, ongeza jozi ingine ya rezista na kapasita nyuma yake.

Nimefuata kila kitu lakini yangu ni fujo tu. Shida iko wapi?

Hili ndilo swali. Karibu kila mtu anayeniletea kisanduku ameandika kitu kama "chagua nota yoyote, urefu wowote, wakati wowote". Alafu anashangaa inasikika kama mtoto amekalia kinanda. Ukipa mashine uhuru wote haikupi mshangao, kwa sababu hakuna kitu sikio lilikuwa linangojea. Mshangao unataka kwanza mazoea.

Kata uhuru. Anza na sauti chache. Mimi nilienda kuangalia nyatiti, chombo cha nyuzi cha Wajaluo, ina nyuzi nane, nne za mkono huu na nne za mkono ule, na mguuni mpigaji ana pete ya chuma kwa kidole anayogonga nayo ubao, na njuga zile za gara zikilia. Sasa hayo yote ni masharti tayari! Nikayaandika hivi: hatua za shufwa zichague kwa nyuzi za kushoto pekee, hatua za witiri kwa nyuzi za kulia pekee, na uzi unaofuata usiwe mbali zaidi ya mmoja kutoka ule mkono huo ulipiga mwisho. Mguu hauchagui chochote, mguu unapiga tu. Ni mistari ishirini hivi ya programu na mara moja mikono inaanza kujibizana, na hakuna mahali nimeandika "jibizana".

Kuhusu nota zenyewe, usikimbilie namba za piano. Nyatiti inafungwa kulingana na sauti ya mwenyewe anayeimba, so tafuta mtu anayepiga, weka simu yenye programu ya kupima sauti karibu na kila uzi, andika hertzi zake nane, hizo ndizo uweke kwa programu jinsi zilivyo. Hapo ndio programu inashinda vyombo vingi vya dukani ambavyo vitakuvuta urudi kwa semitoni 12 upende usipende.

Na nikitaka irudierudie lakini ibadilike polepole?

Kuna modula moja maarufu inaitwa Turing Machine, ya Tom Whitwell, na mchoro wake uko wazi kwa kila mtu. Ndani yake ni biti 16 zimepanga foleni. Kila hatua biti ya mwisho inarudi mbele, na kabla ya kuingia kuna uwezekano igeuzwe, sifuri iwe moja au moja iwe sifuri. Nobu ndiyo inaamua uwezekano ni ngapi. Ukiifunga, unapata mzunguko wa hatua 16 usiobadilika. Ukiiweka katikati ni bahati nasibu tupu. Kwa programu hiyo ni namba moja tu ya biti 16 na mistari mitatu. Weka uwezekano kwa asilimia 5 hivi, kaa chini, sikiza: unaanza kuuzoea wimbo, alafu nota moja inahama, ukizoea hiyo inahama ingine.

Mbona kila nikiwasha inapiga zile zile, na nimeandika iwe random?

Kwa sababu Arduino inaanza kuhesabu kutoka mahali pamoja kila siku. Soma pini ya analogi ambayo haijaunganishwa na kitu, hizo kelele zake umpe randomSeed mwanzoni. Sonic Pi nayo inarudia zile zile kwa makusudi, na wakati mwingine ni baraka, ukipata namba iliyotoa kitu kitamu iandike kwa karatasi utairudia kesho.

Midundo naiandika moja moja ama kuna njia?

Iko, na ni ya zamani kuliko stima. Godfried Toussaint mwaka 2005 alionyesha kwamba hesabu ya Euclid, ile ya kutafuta kigawo kikubwa cha shirika cha namba mbili, ukiitumia kusambaza mapigo sawasawa ndani ya hatua, inatoa midundo ya watu kutoka pande nyingi za dunia, Afrika ikiwemo. Unataka mapigo 3 ndani ya hatua 8. Chukua namba ya hatua, zidisha kwa 3, gawanya kwa 8, angalia baki. Baki ikiwa chini ya 3, piga.

Hatua 0: baki 0, piga. Hatua 1: baki 3, nyamaza. Hatua 2: baki 6, nyamaza. Hatua 3: tisa gawa kwa nane, baki 1, piga. Ya 4 baki 4, ya 5 baki 7, kimya. Ya 6 ni 18, baki 2, piga. Ya 7 baki 5, kimya. Umepata x..x..x. na huo mdundo utakuwa umeusikia kwa harusi nyingi tu. Weka 7 ndani ya 12 uone inakupeleka wapi.

Nimeweka ngoma tatu za Euclid pamoja lakini bado inasikika mashine. Niongeze nini?

Usiongeze, fanya zingojane. Niko na jirani ametoka Shinyalu, huko Kakamega, mtu wa ngoma za isukuti. Isukuti ya Waisukha na Waidakho UNESCO iliiingiza mwaka 2014 kwa orodha ya mambo yanayohitaji kulindwa haraka, na ngoma zake ni za saizi tatu, zinaitwa baba, mama na mtoto. Nikamchezea yangu ya ngoma tatu. Akasikiza kidogo, akasema, "Huyu mtoto anaongea bila kungoja mama." Basi. Akarudi kwa chai yake.

Lakini alikuwa amenipa sharti nzima la programu. Ngoma ndogo isiruhusiwe kucheza mapambo isipokuwa ya kati imepiga ndani ya hatua mbili zilizopita. Ngoma ya kati ikinyamaza muda mrefu, kubwa ipunguze nayo. Kwa programu ni kuweka namba ya hatua kila ngoma ilipiga mwisho, alafu kila moja kabla ya kupiga inaangalia za wenzake. Ile ya Euclid inabaki lakini sasa inakuwa ombi, haiwi amri. Nilipomrudishia akasikiza hadi chai ikaisha. Hakusema kitu kizuri, ila alianza kugonga meza, mimi hiyo nachukua.

Kitu kingine kidogo: sogeza baadhi ya mapigo yachelewe milisekunde 10 hadi 20, na yawe yale yale kila mzunguko. Ukichelewesha kiholela inasikika mlevi.

Nikibonyeza kitufe muziki unakwama. Kwa nini?

Umetumia delay(). Ikiwa kwa delay chipu haifanyi kitu kingine. Tumia millis(), uulize kila mara "muda umefika?", ukiona umefika piga, kama bado endelea na mengine.

Naweza weka spika moja kwa moja kwa pini?

Usithubutu. Spika ya om 8 kwa volti 5 inataka zaidi ya miliampea 600, pini ya Uno kiwango chake cha mwisho kabisa ni 40. Njia rahisi kwa nyumba nyingi ni wufa iliyoko sebuleni, zile waya nyekundu na nyeupe za nyuma: weka kapasita ya mikrofaradi 10 kwa njia, na rezista mbili za kupunguza nguvu, kwa sababu volti 5 kwa wufa ni kelele za kuamsha ploti nzima. Anza na sauti chini. Kama unataka kisanduku kijitegemee, LM386 au PAM8403 ni vichipu vya kukuza sauti, vya bei ya chini na vinatosha.

Stima inapotea kila jioni huku kwetu. Pawabenki inatosha?

Inatosha, lakini kuna mtego. Pawabenki nyingi zikiona kifaa kinavuta stima kidogo sana zinadhani simu imejaa, zinajizima, na muziki unakatika katikati watu wakidhani ni mtindo. Uno peke yake inavuta miliampea 50 hivi. Weka rezista ya om 47, ya wati 1, kati ya volti 5 na graundi, itavuta kama miliampea 100 za bure na pawabenki itakaa macho. Itapata joto, usiibane na plastiki. Betri za laptopu mzee zilizofunguliwa zinafanya kazi pia lakini kama huna bodi ya kuzilinda achana nazo, hizo zinashika moto kweli.

Hizi modula za sinthesaiza, mbona bei ni ya ng'ombe?

Kwa sababu zinatengenezwa chache, na zikifika huku kuna usafiri, ushuru, na VAT ya asilimia 16. Mfumo unaotumika sana ni Eurorack, aliuanzisha Mjerumani Dieter Doepfer katikati ya miaka ya 1990: kimo cha paneli milimita 128.5, umeme wa volti 12 chanya na hasi, jeki za milimita 3.5 kama za earphone. Hakuna siri hapo, yote unaweza kutengeneza. Anza na chipu mbili za 555 ile ya 1972, zinauzwa bei ya mandazi, zitakupa sauti ya kuguna na kupiga kelele. Kichipu cha 40106 kina milango sita, kila mlango ukiupa rezista moja na kapasita moja ni chombo cha sauti, so chipu moja ni kwaya. Paneli nimeona watu wakikata bati la mabati ama plastiki ya ndoo.

Maoni yangu: usinunue modula hata moja kabla hujakaa na VCV Rack mwezi mzima. Wengi wanagundua walichopenda ni waya za rangi.

Naunganisha aje ESP32 na modula za kweli?

Kwa Eurorack volti moja ni oktava moja, so semitoni moja ni milivolti 83.3. Pini ya ESP32 yenye ngazi 256 kwa volti 3.3 inaruka karibu milivolti 13 kila ngazi, yaani kama moja ya sita ya semitoni, na sikio linashika. Nunua MCP4725, kichipu cha kugeuza namba kuwa volti, ina ngazi 4,096, kwa volti 5 kila ngazi ni milivolti 1.2, hapo utatuni bila shida. Pima kwa mita, usiamini namba ya programu, kwa sababu hiyo volti 5 ya USB mara nyingi ni 4.8.

Kurudi upande ule mwingine ndio hatari. Modula inaweza kutoa volti 8, volti 10, na pini ya ESP32 inataka isizidi 3.3. Weka rezista mbili za kugawanya na dayodi za kukinga. Hili halina mjadala.

Niko Nakuru. Asubuhi osileta yangu (ile saketi ya kutoa sauti) iko chini, mchana inapanda. Imeharibika?

Haijaharibika, ni baridi ya huko. Volti ya ndani ya transista hubadilika kama milivolti 2 kwa kila digrii moja, na osileta ya analogi inasikia hiyo. Iwashe nusu saa kabla ya kutuni, ama utumie rezista inayofidia joto. Huku Kisumu shida yetu ni ile ile, tofauti ni kwamba sisi ni joto tu siku nzima kwa hivyo tunakosea upande mmoja.

Vifaa mnatoa wapi?

Rezista, kapasita na waya, kwa redio na wufa zilizokufa, soko la Kibuye siku ya Jumapili ukiamka mapema. Transfoma pia. Vichipu vyenyewe na ESP32 agizia Nairobi, maduka ya Luthuli Avenue, yaletwe na shato. Mwambie akutumie picha ya maandishi juu ya chipu kabla hujalipa.

Hii si ni AI? Mtaua kazi ya wanamuziki.

Hapana. Zile programu za AI zimelishwa rekodi za watu wengine. Hapa hakuna rekodi ya mtu ndani, kuna masharti niliyoandika na naweza kukuonyesha kila moja. Ukitumia nyuzi za mzee fulani au mdundo aliokufundisha, mtaje jina na ukipata pesa mgawie, hilo sihitaji sheria kuniambia.

Narekodi aje?

Acha ipige saa nzima, rekodi yote, alafu kata dakika nne nzuri. Usingoje ifike mahali tamu ndio ubonyeze, haitangoja.

Unauza visanduku?

Bado. Programu nakupa bure ukija na bodi yako. Lakini ukuje na kebo ya USB yenye waya za data, si ile ya kuchaji peke yake, nusu ya wanaokuja wanaleta ile ya kuchaji alafu tunakaa tukiangaliana.